Mama mdogo mjane, 54, anataka kuolewa na kijana wa 36. Ukoo umewaka moto, mngekuwa nyie mngefanyaje?

mtoto_wa_machame

Wakuu habari za mida hii. Naomba mawazo maana najua humu kuna watu wazima, kuna wanasheria na kuna yaliyowakuta, matusi tuweke pembeni kwanza.

Nina mama mdogo, anamfuata mama yangu kuzaliwa, ana 54. Mumewe alifariki 2016. Watoto watatu, wa mwisho yuko chuo mwaka wa pili. Toka baba mdogo afariki huyu mama kapambana mwenyewe, ana duka la vifaa vya ujenzi pale Boma Ng'ombe, Kilimanjaro, ada kalipa, deni la benki aliloacha marehemu kalimaliza, na kaburi kalijengea vigae kabla hata hajapaka rangi nyumba anayolala. Miaka yote hiyo ukoo ulikuwa unamsifia, kila msiba mzee akisimama kuongea lazima amtaje, jamani mnamuona mke wa marehemu mdogo wetu, huyu ni mfano.

Sasa kapata mtu. Fundi aluminiamu, anachukua mali dukani kwake, mtu wa Singida, ana 36 na hajawahi kuoa. Na hawajajificha, nahisi hapo ndo kosa lilipoanzia, maana angekuwa jamaa anaingia usiku anatoka alfajiri watu wangejifanya hawaoni, wapo wajane kibao wanaishi hivyo na shikamoo wanapewa kama kawa. Yeye kamtambulisha kwa watoto, kamleta kwa mama, halafu akaenda kwa mashemeji kwa miguu yake kuwaambia anataka ndoa ya kanisani.

Kikao kikaitishwa. Nilikuwepo, nilimpeleka mama. Tumekaa nje pale migombani, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka, ilipofika kwake aliyekaa pembeni yake akaipitisha juu ya magoti yake ikaenda kwa mwingine. Mama mdogo hakusema kitu. Shemeji mkubwa akafungua daftari, swali la kwanza eti huyo kijana atalala kwenye kitanda cha nani. La pili kama ana uhakika hajapewa limbwata. La tatu hati ya nyumba na leseni ya duka viko kwa jina la nani. Wakuu tulikaa pale mpaka kiza kinaingia na muda wote huo mazungumzo hayakutoka tena kwenye swali la tatu.

Na huyo shemeji mkubwa mwenyewe alifiwa na mke, mwaka haujaisha akaoa binti wa miaka 27, tukachanga wote, mimi nililipia tenti. Kitanda hakikuulizwa.

Kwa sasa kwaya ya akina mama wamemwambia "apumzike kidogo", na binti yake mkubwa naye kagoma kupokea simu zake. Naulizeni, ukoo wa mume una haki gani hasa juu ya mjane? Na mimi kama mtoto nasimamaje hapa bila kuvunja undugu?

Kishandu_Original

Mkuu hebu tuwe wakweli kidogo, miaka 18 tofauti, fundi wa kupanga chumba, mama ana hardware. Hicho ni kibenteni, kijana wa kulelewa na mwanamke mkubwa, hakuna mjadala. Leo ndoa, mwakani utasikia jamaa ana Noah mbili na dukani zimebaki misumari.

mama_Rehema_Tandika

@Kishandu_Original na huyo mzee aliyeoa wa 27 yeye tumuiteje? Au wanaume wenye pesa mkipendwa na vibinti mnaamini mmependewa sura 😂😂 Tulikuwa na jina la fataki, mzee anayefuata vibinti, humu nchini hadi redioni likitangazwa ila naona siku hizi mmelisahau, kibenteni tu ndo mnakikumbuka.

Mzee_wa_Hai

Mtoa mada nakusalimu. Mimi ni mtu mzima, nimekaa vikao vya namna hii vingi kuliko ulivyohesabu, na nitasema usichopenda.

Hiyo nyumba iko kwenye kihamba, shamba la ukoo la Wachaga. Kihamba si kiwanja cha kununua Goba, pale wamelala baba zake na babu zake marehemu, na wajukuu wanatakiwa wazikwe pale. Akiingia mwanaume wa nje, siku mama yako mdogo akitangulia mnamtoaje? Anazikwa wapi huyo bwana? Wakizaa je? Najua 54 mtasema hazai ila wanaweza kuchukua mtoto wa kulea. Hao wazee unaowaona wabaya wanauliza maswali ambayo nyie mtakuja kuyauliza kwa kulia miaka ishirini ijayo. Kuruka kata ya mbege ni utovu wa adabu, hilo silitetei. Lakini usije hapa ukatuambia ni wivu tu.

Anataka kuolewa aolewe. Atoke, aende kwa mume, kama wanawake wote wanavyoolewa. Mwanamke ndo huenda kwa mwanaume, haijawahi kuwa mwanaume anahamia kwa marehemu.

bi_shomari_tanga

Asalaam aleikum wanangu. Mie wa pwani, huku kwetu mjane akishakaa eda yake miezi minne na siku kumi akatoka, akioga akivaa nguo ya rangi, posa zinaanza kuingia na hakuna wa kuitisha kikao. Mtume wetu s.a.w. mke wake wa kwanza bi Khadija alikuwa mjane, mfanyabiashara, kamzidi umri, na yeye ndiye aliyepeleka ujumbe wa kumtaka. Riwaya mashuhuri inasema yeye 40 na Mtume 25. Sasa hawa wa kwaya sijui wao maandiko yao yanasemaje maana hapo mie sina elimu.

Ila msidhani huku tuko salama. Huku hawakuitii kikao, huku wanakusema kibarazani na ukipita wanaacha kusema wanakusalimia, "waambaje mwanangu, mzee wako hajambo?" halafu ukiisha pita kicheko. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar huyu tunayejivunia nae leo, alitoka shamba Fumba akiuza vyungu, akamwacha mume na mtoto akaingia mjini kuimba na wanaume, watu walimcheka alivyovaa, walimcheka sura, walimcheka alikozaliwa, mpaka nyimbo za kumkashifu zikatungwa. Aliporudi kutoka Bombay kurekodi sahani za santuri 1928 wale wale wakawa wanalipa kumsikiliza. Hakuna hata mmoja aliyewahi kwenda kumwambia tulikukosea bibi, walinyamaza tu.

wa_jumuiya_ya_tatu

Bi Shomari maandiko yapo mama. Wakorintho wa kwanza sura ya 7 mstari wa 39, mume akifa mwanamke yuko huru kuolewa na mtu amtakaye, katika Bwana tu. Nimekaa baraza la wazee usharikani kwetu na huo mstari hausomwi mbele ya watu, husomwa wa Timotheo unaowasifia wajane wanaodumu katika sala mchana na usiku. Na sura hiyo hiyo ya Timotheo chini kidogo inasema wajane vijana na waolewe, lakini msomaji anakuwa ameshafunga kitabu.

Ruaka_Msee

Hii story nimeisoma nikacheka kidogo halafu nikaacha kucheka. Sisi Kenya tulishapitia hii kitu na nchi nzima ikakaa chini kumhukumu mama mmoja mara mbili, wacha niwape.

Wambui Otieno. Huyu alikuwa kitukuu cha Waiyaki wa Hinga, akiwa msichana alikuwa anafanyia Mau Mau kazi ya kupeleleza Nairobi, akakamatwa akafungiwa Lamu. Halafu 1963 akaolewa na wakili Mjaluo, S.M. Otieno. Mkikuyu na Mjaluo wakati ule, familia zote mbili hazikupenda, wakaoana tu na wakalea watoto 15, wa kuzaa na wa kulea. Sasa mzee akafariki 20 Desemba 1986. Wambui anasema tunamzika kwa shamba letu Upper Matasia, Ngong, ndiko alitaka. Ndugu wa mzee na ukoo wa Umira Kager wanasema hapana, Mjaluo anarudi nyumbani Nyalgunga, Siaya. Wakaenda kortini. Mwili ulikaa mochari karibu miezi mitano, nakwambia gazeti lilikuwa linaisha kabla ya saa nne asubuhi, watu wanajaza korti kama ni mpira.

Na ona vile kesi iliendeshwa. Wakili wa mama, Khaminwa, anasema huyu marehemu alikuwa mtu wa kisasa, alikuwa anapenda Shakespeare, alioa ndoa ya serikali, sheria ya kimila haimhusu. Wakili wa ukoo, Kwach, analeta mashahidi, hadi mchimba kaburi wa kijijini aliyesema marehemu mwenyewe alimwambia anataka alale karibu na babake. Na katikati ya hayo yote anayepimwa ni mama. Alimlisha nini? Kwa nini hapeleki watoto ushago, kijijini? Kwa nini anaongea hivi mbele ya wazee? Mama aliyeishi na mtu zaidi ya miaka ishirini akawa mgeni ndani ya msiba wake mwenyewe. Mei 1987 korti ya rufaa ikapea ukoo mwili, tarehe 23 wakazika Nyalgunga, na Wambui na watoto hawakuenda. Hiyo ilikuwa ya kwanza.

Ya pili ndio inafanana na ya mama mdogo. 2003 Wambui ako na miaka 67 anaolewa na Peter Mbugua, fundi wa kujenga mawe, kijana hajafika 30. Weeh! Wale wale akina mama waliompigia makofi 1987, wale waliomwita shujaa wa wanawake, wengine walikuwa mbele kumtupia mawe. Watoto wake wengine walikataa. Mahubiri Jumapili yalikuwa ni yeye. Matatu ilikuwa ni yeye. Kila mtu akasema miezi sita kijana atahepa na mali. Wakaishi pamoja hadi mama akafariki Agosti 2011, hiyo ni miaka nane, na mimi najua harusi za hoteli kubwa hazijafika miaka mitatu.

Kile kilinishangaza mimi ni kwamba 1987 kosa lake lilikuwa anakataa mume wake aliyekufa aende kwa ukoo, ati anapenda mume sana kuliko mila. 2003 kosa ni amesahau mume. Sasa mjane afanye gani ndio mtosheke?

Mzee_wa_Hai

@Ruaka_Msee hiyo kesi naikumbuka vizuri, tulikuwa tunaifuatilia redioni huku. Lakini unaona mwenyewe kwamba mahakama ya rufaa, wasomi, waliona ukoo una hoja.

Ruaka_Msee

Waliona, sikatai mzee wangu. Na Profesa Wangari Maathai naye 1979 korti ilimpa mume talaka yake, yeye akasema jaji hafai akatupwa ndani. Miaka kumi baadaye akizuia jengo la ghorofa 60 pale Uhuru Park, wabunge wanasimama kusema tusisikize kundi la wanawake walioachwa. Hoja ya bustani haikujibiwa, walijibu talaka. 2004 akaleta Nobel, na wengine wao walikuwa kwa foleni ya kupigwa picha naye. Korti na bunge kuona hoja sio kitu mpya.

wakili_wa_kijiweni

Naona mmeenda Kenya na Bombay, nirudi Boma Ng'ombe.

Mtoa mada swali lako la kwanza lina jibu fupi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68: pamoja na mila yoyote iliyo kinyume, mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kuishi anapotaka, na yuko huru kubaki bila mume au kuolewa na mwanaume yeyote anayemchagua mwenyewe. Waislamu kuna sharti la eda. Basi. Hicho kifungu kipo toka enzi za Mwalimu, hakijaletwa na wanaharakati wa juzi. Kwa hiyo ukoo hauna kura kwenye ndoa yake, kikao kinaweza kuandika mpaka daftari liishe.

Lile la mali, swali la tatu la shemeji, ndo gumu na hapo namuunga mkono Mzee wa Hai nusu. Nikuulize, mirathi ya baba mdogo ilifunguliwa? Nani aliteuliwa msimamizi? Maana huku kwetu marehemu anazikwa, matanga yanaisha, watu wanarudi mjini, mjane anaendelea kuishi na kulipa madeni, na miaka inakatika hakuna aliyepeleka muhtasari wa kikao cha ukoo mahakama ya mwanzo. Halafu siku mjane anapotaka kuolewa ghafla kila mtu anakumbuka mirathi. Kama haijafunguliwa, ifunguliwe SASA kabla ya ndoa, itenganishwe kipi ni cha marehemu, kipi walichuma wote wawili, na kipi kachuma mwenyewe baada ya 2016. Duka kama kalianzisha au kalikuza kwa leseni na TIN yake hiyo ni habari nyingine kabisa na kihamba. Watoto wapewe chao kwa maandishi. Ukishafanya hivyo swali la tatu la shemeji linakufa, tuone kama atabaki na hamu na swali la kitanda.

Na kwa wale mnaosema mwanamke na ardhi ya ukoo haviendi, someni kesi ya Bernardo Ephraim na Holaria Pastory, Kagera. Huyu bibi baba yake alimwachia shamba kwa wosia, 1988 akaliuza shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo, ndugu yake wa ukoo akamshtaki kwamba mila ya Kihaya hairuhusu mwanamke kuuza. Mahakama ya mwanzo ikampa ushindi huyo ndugu. Ikafika Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya mwaka 1990 akasema mila inayombagua mwanamke kwenye kuuza ardhi inagongana na haki za msingi zilizoingizwa kwenye Katiba 1984, bibi akashinda. Najua hiyo ilikuwa ardhi ya baba yake na hii ni ya mume, hazifanani moja kwa moja, msije mkanirukia.

Kishandu_Original

Wakili umeongea ila sheria haikai na wewe mezani krismasi. Atashinda kesi halafu Desemba wote wakipanda kwenda nyumbani yeye anapanda kwenda wapi?

mama_Rehema_Tandika

Hili nalo neno, hata kama limetoka kwa Kishandu. Mimi mama yangu aliolewa tena mimi nina miaka 15, mume mpya hakuwa kijana, alikuwa mtu mzima tu mstaarabu, na bado shangazi zetu upande wa baba waliacha kuja nyumbani kabisa. Harusi yangu walikaa kama wageni wa kualikwa, wamekula wameondoka. Aliyeumia zaidi ni sisi watoto, mama alikuwa na mume wake bwana. Kwa hiyo yule binti mkubwa asiyepokea simu msimwone ana roho mbaya. Mtoa mada wewe mtafute huyo dada yako kabla hujaenda kugombana na wazee. Muulize yeye anaogopa nini, na usimjibu siku hiyo hiyo.

mtoto_wa_machame

Nimerudi wakuu, asanteni sana, hata Kishandu.

@wakili hapana, mirathi haikufunguliwa. Nimempigia mama sasa hivi kuuliza, anasema baada ya arobaini shemeji mkubwa alisema ataishughulikia, akachukua cheti cha kifo na nakala ya hati, tangu hapo kimya. Cheti bado anacho. Deni la benki wakati linadaiwa hakuna aliyesema yeye ni msimamizi.

@Mzee_wa_Hai shikamoo. Suala la kuzikwa umenigusa na sikuwa nimeliwaza. Nilimuuliza mama mdogo hilo la kuhama na alishalifikiria kabla yetu, hataki huyo jamaa alale migombani. Amepanga nyumba Boma, miezi sita kalipa mbele, kihamba anawaachia watoto na mdogo wao wa mwisho ndo atakaa pale akimaliza chuo. Alitaka kuyasema yote haya siku ile ya kikao, daftari lilifunguliwa kabla hajapewa nafasi ya kuongea. Nilimuuliza kwa nini hakukatisha akasema angeongea wangesema umeona, ameshakuwa na mdomo.

Na kuhusu jamaa, nimekaa naye mara kadhaa. Sio msemaji. Mama mdogo ana pumu, kifua kikimbana usiku yeye ndo humkimbiza hospitali na pikipiki yake, mimi niko Dar, watoto wako vyuoni, na mashemeji hapo ni dakika kumi kwa miguu. Nampenda? Sijui, kiumri ni mdogo kwangu na naambiwa nimwite baba, ulimi unagoma.

Mzee_wa_Hai

Marahaba. Kama amepanga nyumba nje basi nusu ya maneno yangu yameanguka, kwa nini hukuandika toka juu? Cheti cha kifo hakikai kwa mtu miaka yote hiyo bila sababu. Nenda kwa huyo shemeji na mzee mmoja wa ukoo anayeheshimika, asiwe wa umri wako, mkakidai kwa upole. Msiende jioni baada ya mbege.

wakili_wa_kijiweni

Akikataa msigombane naye, nendeni RITA, wakala wa serikali wa vyeti vya vizazi na vifo, mkaombe nakala nyingine. Na nakala ya hati si hati. Hati yenyewe iko wapi?

mtoto_wa_machame

Anasema iko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Kile kile walichokiulizia 😂 Napanda Ijumaa, nitarudi na mrejesho.